Kuhawilisha hadithi ya ajabu kuwa mchezo wa redio: maana yake

Wengi tumelizoea neno kuhawilisha kwenye habari za fedha: mpango wa kuhawilisha fedha kwa kaya maskini, yaani kuzitoa pahali pamoja na kuzifikisha pengine. Kwenye fasihi neno ni hilohilo, ila mzigo ni mwingine. Riwaya ikitengenezwa filamu, imehawilishwa. Utenzi ukichezwa jukwaani, umehawilishwa. Hadithi fupi ikitoka kitabuni ikasikika kama mchezo wa redio, nayo imehawilishwa. Wapo wanaosema utohozi, na wengine husema tu "tuigeuze iwe mchezo". Fedha zina unafuu wake: shilingi elfu kumi zikitumwa, zinafika elfu kumi. Hadithi haifiki hivyo. Maneno mengi huachwa njiani, mengine ambayo mwandishi hakuyaandika huzaliwa, na bado msikilizaji anapaswa kukutana na hadithi ileile.

Nazungumzia hapa aina mbili ambazo kwangu ndizo ngumu na ndizo tamu kuliko zote kwa kazi hii. Ya kwanza ni bunilizi za kisayansi: vyombo vya angani, mashine zinazofikiri, viumbe wa sayari nyingine. Ya pili ni fantasia: majini, miji isiyokuwepo, wafu wanaozungumza.

Kuna jambo linalochanganywa sana, tuliondoe mapema. Kusoma hadithi redioni si kuihawilisha. Msomaji akikaa mbele ya kipaza sauti akasoma mwanzo mpaka mwisho, hata akimpa kila mhusika sauti yake, hadithi bado ni ya kitabu, imepewa mdomo tu. Ni kazi nzuri, na sisi tuliolelewa na paukwa-pakawa tunaipenda. Mchezo wa redio ni kitu kingine. Ndani yake jambo linatokea sasa hivi, sikio likiwa palepale, na mara nyingi hakuna anayekusimulia kwamba lilitokea.

Mlango ukifunguliwa, jogoo akiwika, pikipiki ikiwashwa, sikio linajua. Mchezo wa mambo ya mtaani unajiendesha kwa sauti za namna hiyo. Sasa weka hapo chombo kilichotoka Mirihi, kinaanza kufunguka. Kina sauti gani? Hakuna aliyewahi kukisikia. Fundi mitambo anaweza kutengeneza mlio wa kutisha kiasi chochote, lakini mlio huo ukiachwa peke yake unaweza ukawa mashine ya kusaga iliyoharibika. Kitabuni shida hii haipo: mwandishi anaandika "chombo kikafunguka" na jambo limekwisha. Redioni, sauti ngeni haina maana mpaka pawe na mtu ndani ya tukio anayeisikia pamoja nasi, akaipa jina au akashindwa kuipa. Kuhawilisha hadithi ya ajabu, kwa jinsi ninavyoielewa kazi hii, ni kumtafuta mtu huyo na kumpa sababu ya kufungua kinywa.

Tarehe 30 Oktoba 1938, kwenye redio ya CBS huko Marekani, Orson Welles na wenzake walicheza The War of the Worlds, riwaya ya H. G. Wells ya mwaka 1898. Ni riwaya, si hadithi fupi, lakini jibu lake kwa shida hii halijazeeka. Kitabuni anayesimulia ni mtu mmoja wa Uingereza anayekumbuka mambo yakiwa yamekwisha kupita. Howard Koch, aliyeandika mchezo, aliyahamishia mambo Grover's Mill, New Jersey, na pale shambani, kando ya chombo, pakawekwa mtangazaji wa habari. Mtangazaji ana haki ya kueleza kila anachokiona. Hakuna atakayeuliza mbona anasema peke yake, maana ndiyo kazi yake. Mfuniko unasikika ukijizungusha, naye anatuambia ni mfuniko. Viumbe wanatoka. Moto unasambaa, unakuja upande wake, na katikati ya maneno matangazo yanakatika. Kimya kinatanda. Kitabu hakiwezi kukatika namna ile, kwa kuwa ukurasa unaofuata uko mkononi mwa msomaji tayari. (Zile habari kwamba Marekani nzima ilikimbia nyumba usiku ule zilikuzwa mno na magazeti. Waliotishika walikuwepo, ila mchezo wenyewe unatosha bila kutiwa chumvi.)

Shule kubwa ya kazi hii ilikuja baadaye kidogo, redio ya NBC ya Marekani ilipotangaza mfululizo wa michezo ulioitwa Dimension X kuanzia 1950 hadi 1951, kisha X Minus One kuanzia 1955 hadi 1958. Vipindi vilikuwa vya nusu saa, na hadithi nyingi zilichukuliwa kwenye majarida ya bunilizi za kisayansi kama Astounding na Galaxy. Ernest Kinoy na George Lefferts ndio walioandika sehemu kubwa ya michezo hiyo. Nusu saa na hadithi fupi vinaelewana. Riwaya ukiitia ndani ya nusu saa unabaki na mifupa. Hadithi fupi inaingia na nyama yake.

Chukua The Cold Equations ya Tom Godwin, iliyochapishwa 1954 na kuchezwa kwenye X Minus One mwaka uliofuata. Rubani mmoja yuko kwenye chombo kidogo cha angani, anapeleka dawa kwa watu sita wanaoumwa homa kwenye sayari ya mbali. Mafuta yamepimwa kwa uzito wake yeye tu. Ndani ya kabati la mizigo amejificha msichana anayetaka kwenda kumwona kaka yake, na hajui kwamba uzito wake unakiua chombo na wale wagonjwa. Nafasi ni finyu, watu ni wawili, na saa inakwenda. Ukiniuliza hadithi gani inafaa redio, nitakuonyesha hii.

Hata hivyo mwanzo wake unamtega mwandishi wa mchezo. Kitabuni rubani anajua hayuko peke yake kwa kuutazama mshale wa kipimo unaoonyesha kuwa ndani ya kabati kuna joto. Hilo ni jambo la jicho, na mtu mwenyewe yuko peke yake. Mwandishi mvivu ataandika: "Lo! Mshale huu unaonyesha kuna mtu amejificha kabatini!" Mimi hukiita hiki kumsomea msikilizaji karatasi, na msikilizaji huhisi papo hapo kwamba anasomewa. Hakuna binadamu anayejiambia anachokiona. Ningeandika mimi, ningeitumia meli kubwa ya angani iliyomtuma, azungumze nayo kwa redio:

"Naomba mnithibitishie. Nilipoondoka nilikuwa peke yangu?"
"Peke yako. Kwa nini?"
"Kabati la mizigo lina joto."
"Joto kiasi gani?"
"La mtu."

Mshale haukutajwa. Tulichokuwa tukikihitaji ni hofu ya rubani, na hofu hiyo imepata mtu wa kuambiwa.

Karibu na mwisho msichana anapata kuzungumza na kaka yake kwa redio ya chombo, na kwa kuwa sayari inajizungusha, kaka anatoka taratibu nje ya upeo wa mawimbi. Godwin alilazimika kulieleza hilo kwa maneno. Redioni halielezwi: sauti ya kaka inazidi kufifia, mikwaruzo inapanda, na sisi tunategea sikio kama dada yake anavyotegea. Mahali kama hapo hadithi inakuwa inangoja redio tangu siku ilipoandikwa. Mhawilishaji anapoisoma mara ya kwanza, mahali pa kutia alama kwa kalamu ni pale ambapo mwandishi alikuwa akililazimisha neno lifanye kazi ya sauti.

Msimulizi je? Wapo wanaoshikilia kwamba mchezo wenye msimulizi umeshindwa. Sikubaliani nao, na sababu yangu ni There Will Come Soft Rains ya Ray Bradbury, iliyochapishwa 1950 na kuingia kwenye Dimension X mwaka huohuo. Hadithi ile haina mtu hata mmoja aliye hai. Nyumba inayojiendesha yenyewe imebaki imesimama baada ya mji kuteketezwa kwa bomu la atomiki, nayo inaendelea kuamsha watu waliokufa, kupika chakula chao, kusafisha, kuwasomea shairi jioni. Nusu ya hadithi ni sauti tayari. Lakini moyo wake uko ukutani, nje, ambako ukuta wote umeungua isipokuwa vivuli vya watu wanne: mwanamume akikata nyasi, mwanamke ameinama kuchuma maua, mvulana ametupa mpira juu, na msichana amenyoosha mikono kuudaka. Mpira ule hautashuka. Ukuta hauna mlio, na hakuna aliyebaki wa kuutazama. Hapo msimulizi anapewa kiti chake kwa heshima, aseme pole pole, kisha anyamaze nyumba iendelee kupika.

Kwa anayeandika kwa Kiswahili, kuna zana ambayo naona hatuitumii vya kutosha, nayo ni ngeli. Watu wawili wako gizani, mbele yao kuna kitu. Mmoja ananong'ona: "Kimesogea." Baada ya muda: "Limesogea." Sasa ni kubwa. Kisha, kwa sauti ndogo kuliko zote: "Amesogea." Kiambishi kimoja kimetia uhai kwenye giza, na msikilizaji nywele zimemsimama kabla hujapiga mlio wowote. Kitabuni jicho linaweza kuvipita viambishi hivyo mbio mbio. Redioni mwigizaji anavishika kimoja kimoja.

Vikorombwezo vyenyewe, yaani milio ya kuigiza matukio, havihitaji mashine kubwa. Vifuu viwili vya nazi vimekuwa kwato za farasi miaka mingi, na mfuko wa plastiki ukikunjwakunjwa karibu na kipaza sauti unasikika kama moto unaokula majani. Lakini kila tanakali uliyoikuta kitabuni, chubwi, puu, tap tap, ifute kwenye mazungumzo. Sauti ikija yenyewe, neno lake halina kazi tena. Na hadithi ikiwa ya mtu mwingine, idhini yake ya maandishi hutangulia yote haya, kwa kuwa kuigeuza hadithi ni haki ya mwenye hadithi.

Nimalizie na hadithi yangu mwenyewe, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha. Niliiandika kwanza kwa ajili ya kusomwa. Mzee mvuvi na mjukuu wake wako baharini, usiku wa giza totoro. Ngalawa inasimama ghafla, na tanga limejaa upepo. Wakiinama wanaona chini ya maji mji mzima umewaka taa. Aya ya taa ilikuwa ndefu, na niliipenda. Nilipoketi kuihawilisha niliishikilia siku tatu. Mara nimpe mzee aisimulie, mara nimpe mjukuu, na kila nilipoisikiliza ilikuwa watu wawili wanaosomeana karatasi. Mwishowe nikazizima taa zote.

"Babu, mbona tumesimama? Tanga limejaa."
"Nyamaza. Laza sikio hapa, tumboni mwa chombo."

Maji yanapiga ubavuni. Kisha kwa mbali, chini kabisa, linasikika soko.

"Kuna watu, Babu."
"Wanafanya nini?"
"Wanauza." Kimya kidogo. "Kuna mmoja anaita jina lako."

Soko lile tulilitengeneza kwa mtungi wa maji ulio mtupu. Waigizaji walipokezana kuelekeza vinywa vyao ndani wakanadi bidhaa, kipaza sauti kikiwa pembeni mwa mdomo wa mtungi, na sauti zikarudi nzito, zimeviringika, kama zimepita kwenye maji mengi. Bahari ilikuwa beseni na kipande cha ubao.

Kitabuni aya ya mwisho inasema taa zilizimika, mzee hakuonekana tena, na mjukuu alirudi pwani peke yake. Kwenye mchezo hakuna hata neno moja la aya hiyo. Inasikika chubwi moja, wala si kubwa. Tanga linapiga, ngalawa inaanza kwenda. Mjukuu anaita "Babu" mara mbili, ya pili kwa sauti ya chini kuliko ya kwanza. Halafu anainama, analaza sikio kwenye mti, na soko linarudi, na katikati ya soko, kutoka ndani ya mtungi, babu yake anauliza bei ya samaki.