Chungu cha mwarobaini na maneno ya mtaani

Hapa Tanga homa ikibisha hodi, chungu kinatangulia zahanati. Chetu kilikuwa cha majani ya mwarobaini, na bibi hakukiepua mpaka maji yageuke meusi. "Ndo dawa inakolea," alisema.

Dhana: kadiri unavyochemsha, ndivyo dawa inavyopata nguvu.

Inategemea mti. Kwinini, dawa ya malaria itokanayo na gome la msinkona, hustahimili moto. Gome hilo si geni kwetu: Wajerumani walianzisha kituo cha Amani, juu ya Muheza, mwaka 1902, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowabana, huko huko wakawatengenezea askari wao kwinini. Artemisia, ndugu wa pakanga, ni kinyume chake. Tu Youyou, mwanasayansi wa China, alihangaika na mmea huo mpaka aliposoma kitabu cha tiba cha karne ya 4 kilichoagiza majani yalowekwe majini, yakamuliwe, yanywewe. Moto haukutajwa. Akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na miaka ya 1970 mwanzoni artemisinini, dawa ya malaria, ikapatikana. Nobeli ilimfikia mwaka 2015.

Dhana: mti ukiua bakteria maabara, dawa imepatikana.

Hata siki huua bakteria kwenye kisahani. Kazi ni kujua kama kiasi kile kinachoua kinaweza kufika kwenye damu bila kuumiza ini na figo. Majani mengi yanayosifiwa hufeli hapo: ungelazimika kunywa ndoo nzima.

Dhana: wataalamu wakitoa kiambata kimoja, yaani kemikali moja tu ya mti, wanaua dawa.

Hapa waganga wana hoja, nami sioni aibu kusema. Baadhi ya vichaka vya jamii ya Berberis vina baberini, kiambata cha njano kinachopigana na bakteria, ila bakteria wana pampu za kukitema nje. Kichaka hichohicho hutengeneza kiambata cha pili kisichoua chochote. Kazi yake ni kuziba zile pampu. Ukichukua cha kwanza peke yake, umeacha nusu ya silaha porini.

Dhana: vijidudu havizoei dawa ya miti.

Artemisinini imetoka mtini, na vimelea vya malaria vilivyoanza kuivumilia vimeshaonekana Kagera.

Dhana: cha asili hakidhuru.

Mwarobaini umepewa jina kwa maradhi arobaini unayosifiwa kutibu. Mafuta ya mbegu zake, waliponyweshwa watoto wachanga, yamewahi kuwaletea degedege na kuwapoteza fahamu.