Kibarua wa Wakala: Mwajiri Wako ni Nani?

Ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma, kilomita 506, na bomba la mafuta ghafi linalopita Nzega na Igunga, umefungua vibarua vingi huku kwetu magharibi mwa Tanzania. Ongeza na msimu wa tumbaku, marobota yanapopakiwa kwenye maghala ya vyama vya msingi. Baadhi ya kazi hizo hupatikana kupitia mtu wa kati, yaani wakala. Kuwepo kwake si kosa. Kijana wa Uvinza au Kaliua atajuaje nafasi zilipo? Tatizo huanza pale mshahara unapochelewa au mtu anapoumia. Mkandarasi anasema, "Nenda kwa wakala," na wakala anasema, "Mimi nilikuunganisha tu."

Sheria ya Huduma za Ajira ya mwaka 1999 inamtaka wakala binafsi wa ajira awe na leseni. Kanuni zake za mwaka 2014 zikamweka kwenye kazi moja, kuunganisha anayetafuta kazi na anayetaka mfanyakazi, na zikamkataza kumtoza anayetafuta kazi ada yoyote. Kwa hiyo "hela ya fomu" na "asante" ya mshahara wa kwanza hazina msingi wa sheria, hata kama mtaa mzima umeshazizoea. Kampuni ya ulinzi, usafi au upakiaji ni jambo jingine: inaajiri watu wake na kuwalipa, na ndiyo mwajiri wao, hata kama wanashinda kwenye eneo la mteja.

Sasa, kibarua wa kawaida anaonekanaje? Kofia ngumu ina nembo ya mkandarasi, pesa inaingia kwenye simu kwa jina la wakala, na mkataba hajawahi kuuona. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 haikumwacha hewani. Inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, endapo hata dalili moja kati ya zilizotajwa ipo: anapangiwa namna au saa za kazi, anapewa vifaa, anamtegemea kiuchumi mtu anayemfanyia kazi, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Saa 45 ni siku tano tu za saa tisa. Na shauri likifika mbele, mwajiri akishindwa kuonyesha mkataba au maelezo ya ajira kwa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa ni wake.

Kwa hiyo tunza ujumbe wa malipo, kadi ya geti, na picha ya ukurasa wa mahudhurio wenye jina lako.

Kuitwa kibarua wa "muda" kusikutishe. Saa za kawaida hazizidi tisa kwa siku wala 45 kwa wiki, na ovataimu hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Baada ya mwezi wa kwanza, anayelipwa kwa siku au kwa wiki hupewa notisi isiyopungua siku nne; wa mwezi, siku 28. Kweli, aliye chini ya miezi sita hana kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki, na kuna wanaowasimamisha watu mwezi wa tano wakijua hivyo. Lakini kwa likizo ya malipo, mchezo huo haufui dafu: ukirudishwa kwa mwajiri yuleyule, vipindi vya mwaka huo hujumlishwa, na vikizidi miezi sita likizo ni haki yako.

Ukiumia kazini, fidia hutoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake. Ukiona umekatwa mshahara kwa jina la mfuko huo, dai urejeshewe.

Mgogoro ukishindikana kumalizwa kazini, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ina ofisi Tabora na Kigoma, na huduma yake ni bure. Shauri la kuachishwa kazi lifunguliwe ndani ya siku 30, madai mengine siku 60. Usipokuwa na hakika mwajiri ni nani, eleza hivyo mapema na uandike majina yote mawili kwenye fomu, la wakala na la mwenye kazi.