Kompressor Kuukuu Mikononi Mwako: Ziba Kwanza, Puli Baadaye

Mtu akinunua Mercedes-Benz C 200 Kompressor ya 2004 hapa Nakuru, swali la kwanza analoniletea gereji huwa ni puli, lile gurudumu linalovutwa na mkanda. Ameona video ya kijana fulani wa Ujerumani akiweka puli ndogo kwenye supachaja, pampu inayosukumia injini hewa, gari likatoka mbio. Mimi humrudishia swali: hili gari ulilonalo sasa, lina nguvu zote alizolipia mwenyewe wa kwanza? Mara nyingi jibu ni hapana. Nguvu unayotaka kununua ilishalipiwa zamani, ila imevujia njiani.

Nazungumzia W203, hilo ni jina la kiwandani la saluni iliyoundwa kuanzia 2000 hadi 2007, na hasa zile za 2002 kwenda mbele zenye injini ya M271, silinda nne, lita 1.8. Beji ya nyuma isikuchanganye. C 180 Kompressor na C 200 Kompressor zina injini ya ukubwa uleule; ya kwanza ilitoka kiwandani na nguvu ya farasi 143, ya pili 163. Nyingi zilizoko huku kwetu zilipita Mombasa zikitoka Japani kabla ya kufikisha miaka 8, kikomo cha gari la mtumba kuingia Kenya. Utaijua ya Japani kwa redio: masafa yake yanaanzia 76 na kuishia 90, kwa hiyo stesheni zetu nyingi haizioni kabisa. Redio ibadilishe mapema. Kupanda Mau Summit nyuma ya trela bila redio ni adhabu.

Sasa supachaja yenyewe. Ndani ya lile kasha la alumini kuna rota mbili zilizosokotwa, zinapishana bila kugusana, na zinazungushwa na mkanda kutoka kwenye krenki, shafti kuu ya injini. Kila mzunguko zinameza ujazo uleule wa hewa na kuusukumia injini. Tabo, ile pampu ya hewa ya aina nyingine, huzungushwa na moshi wa ekzosi, kwa hiyo hewa ikiwa nyepesi ina nafasi ya kuongeza mbio. Supachaja haina uhuru huo. Krenki ikienda taratibu nayo inaenda taratibu, basi.

Ndiyo maana mahali unapoishi kuna maana. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Rota zinameza lita zilezile, lakini ni lita zenye hewa kidogo. Zile farasi 163 zinabaki kama 130. Kisumu, mita 1,130 hivi, unapoteza kama moja ya nane tu, na ndiyo sababu gari linalovuta vizuri Kondele linaanza kulalamika likipanda Kericho. Hapo hakuna kilichoharibika.

Juu ya hasara hiyo, weka ya uzee. Chini ya manifoldi ya kuingizia hewa kuna mipira ya kupumulia injini, ile inayorudisha mvuke wa oili ili uchomwe tena. Joto la miaka ishirini limeikausha, na ukiikunja inakatika mkononi. Ikipasuka, hewa inaingia kwa mlango wa nyuma bila kompyuta kuihesabu. Mzunguko wa injini gari likiwa limesimama unapanda na kushuka, taa ya injini inawaka, mashine ya kusomea hitilafu inaonyesha P0171, maana yake petroli ni kidogo kwa hewa iliyopo. Hapo wengi hubadilishiwa plagi, kisha koili, kisha sensa ya oksijeni, na bili inakua huku mpira wa bei ndogo ukiwa bado umepasuka palepale. Upande wa mbele, baada ya supachaja, kasoro ni kinyume chake: mabomba ya kwenda na kutoka intakula, kipoza hewa, yana sili za mpira, zikilegea hewa uliyokwisha kulipia petroli kuisukuma inatokea nje. Utasikia mluzi ukikanyaga.

Dawa ni moshi. Si lazima mashine ya bei ghali. Mkebe wa rangi unaofunga vizuri, plagi ya kuwashia dizeli iliyounganishwa na betri, mafuta kidogo ya watoto ndani yake, na hewa ya upole kutoka pampu ya magurudumu. Ingiza moshi kwenye njia ya hewa, zima feni, kisha tazama unakotokea. Fundi akikataa kufanya hivi na anataka kuanza kubadilisha sensa, ondoa gari lako taratibu.

Kuna uvujaji mwingine usioonekana. Mbele ya kichwa cha injini kuna sumaku mbili za kurekebisha kamshafti, shafti zinazofungua vali. Zikichoka, oili inaingia kwenye soketi zake na kupanda ndani ya waya kama mafuta ya taa kwenye utambi, polepole, hadi ifike kwenye kompyuta ya injini. Chomoa soketi, pangusa kwa tishu. Tishu ikitoka kavu, bahati yako. Ikitoka na oili, badilisha sumaku zote mbili na uongeze vile vipande vifupi vya waya vya kukata njia ya oili. Gia boksi ya otomatiki, ile ya gia tano, ina ugonjwa wa namna hiyohiyo kwenye soketi yake kubwa ya mviringo: ringi mbili za mpira, kazi ya asubuhi moja.

Cheni ya taimingi sikiliza mwenyewe. Gari lilale usiku, asubuhi fungua boneti, mtu mwingine awashe. Mkwaruzo wa sekunde chache unaonyamaza shinikizo la oili likipanda ni cheni iliyorefuka au kikazio kilichochoka. Usikubali kuwekewa cheni mpya juu ya gia za kamshafti zilizolika meno, itakula upya. Ikiruka, vali zinakutana na pistoni, na hapo utaanza kutafuta injini ya mtumba. Oili iwe ya kiwango cha Mercedes cha 229.5, nambari hiyo imeandikwa nyuma ya mkebe, na inaingia lita 5.5 hivi. Nunua kwa muuzaji unayemjua, maana mikebe inajazwa upya.

Bushi za mbele, shokabu, breki: hizo hazihitaji hotuba yangu, barabara zetu zitakukumbusha. Ukibadilisha rangi au injini, peleka mabadiliko NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama, yaandikwe kwenye logbuku.

Baada ya hayo ndipo tuongee mapambo na nguvu. Springi fupi sikushauri. Hesabu matuta kati ya hapa na Salgaa kisha uamue. Kutoa masega ya ekzosi, yale ya kusafisha moshi, kunampa faida anayeyanunua, kwa sababu yana madini ya thamani. Wewe unabaki na harufu na taa ya injini. Filta ya wazi ya kunyonya hewa ndani ya boneti ni mbaya zaidi. Inavuta hewa ya moto, na kiangazi Nakuru vumbi ni jeupe kila mahali. Nafasi kati ya rota zile ni ndogo mno, na vumbi linakwaruza gamba lililopakwa juu yake. Baki na boksi la kiwandani, badilisha filta mara kwa mara.

Puli ndogo, basi. Huku juu ina mantiki kuliko watu wa pwani wanavyodhani. Kompyuta ina kiasi cha hewa inachokidai, na kuna kilango kinachorudisha ziada nyuma. Nakuru ukikanyaga mwisho, kilango kimefungwa kabisa na bado hewa haitoshi. Puli inayozungusha rota haraka zaidi inarudisha sehemu ya kile mwinuko ulichokula. Bei yake ni joto, kwa sababu hewa iliyobanwa sana inachemka, kwa hiyo safisha intakula na uweke petroli ya oktani 95. Kisha panda kutoka Salgaa hadi Mau Summit, mwenzako ameshika mashine ya kusomea, atazame joto la hewa inayoingia na pembe ya cheche, yaani wakati plagi inapowasha. Cheche ikianza kurudishwa nyuma, injini inagonga, yaani petroli inalipuka vibaya ndani; puli hiyo ni ndogo mno.

Ukishuka Mombasa, kompyuta itafungua kilango na kumwaga ziada, na gari litakwenda karibu na lilivyotoka kiwandani. Anayekuuzia ramani mpya ya kompyuta, ile programu inayoongoza injini, ili ufaidi hadi huko, muulize aliipimia wapi. Ramani iliyopimwa kwenye hewa ya Nakuru pekee haijawahi kuonja hewa nzito ya Mariakani kwenda chini, na injini ya kuigonga ni yako. Asipokuwa na jibu, baki na ya kiwandani.