Everton, uwanja mpya na madeni: yanayosemwa na yaliyopo

Everton, klabu ya Ligi Kuu ya England kutoka jiji la Liverpool, si wageni kwetu. Julai 2017 walitua Dar es Salaam wakaifunga Gor Mahia 2-1 kwenye Uwanja wa Taifa, Wayne Rooney akitia mpira kambani kutoka mbali. Miaka miwili baadaye Kariobangi Sharks waliwashinda kwa penalti pale Kasarani. Ndiyo maana klabu hiyo ilipoyumba, mijadala ya vijiweni ilipamba moto: nani kaiuza, nani kaidhulumu, na uwanja ule wa pembezoni mwa Mto Mersey umejengwa kwa hela ya nani. Mengi yaliyosemwa hayakuwa sahihi, na mashabiki wa timu zetu wana haja ya kuyaelewa kwa sababu hata huku neno "mwekezaji" sasa liko midomoni mwa kila mtu.

"Uwanja ndio uliotaka kuiua Everton."

Hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote. Kilichoiweka Everton pabaya ni aina ya pesa zilizotumika kuujenga.

Tuanze na wengine. Emirates, uwanja wa Arsenal, uligharimu takriban pauni milioni 390. Mwaka 2006 Arsenal walibadilisha mikopo ya ujenzi kuwa hatifungani (hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji) za pauni milioni 260 na kuzilipa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Tottenham nao walikopa pauni milioni 637 kwa ajili ya uwanja wao, na mwaka 2019 wakahamisha milioni 525 kati ya hizo kwenye deni la muda mrefu, lenye wastani wa miaka 23 na riba isiyofika asilimia 3. Kwa tarakimu hilo ni deni la kutisha. Lakini kila mwaka klabu inajua italipa kiasi gani, na mapato ya mlangoni, ya migahawa na ya matamasha yanatosha kulihudumia.

Everton walianza kujenga Agosti 2021 bila mpango wa namna hiyo. Kazi yenyewe ilikuwa nzito kabla hata ya nguzo ya kwanza kusimama: gati la zamani la Bramley-Moore ilibidi lijazwe karibu mita za ujazo 500,000 za mchanga uliochotwa chini ya Bahari ya Ireland, na meli ikawa inaenda na kurudi kuumwaga ndani ya kuta za mawe zilizojengwa karne ya 19. Mmiliki, Farhad Moshiri, alitegemea mfuko wake pamoja na udhamini wa kampuni ya USM ya mshirika wake, bilionea wa Urusi Alisher Usmanov, ambayo ilikuwa imeshalipa pauni milioni 30 ili tu ipewe nafasi ya kwanza ya kununua jina la uwanja. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Usmanov aliwekewa vikwazo na udhamini ukasimamishwa.

Ujenzi haukuweza kusimama nusu. Klabu ikaanza kugonga mlango huu na ule: mkopeshaji mmoja, wa pili, wa tatu, mikopo ya muda mfupi yenye riba kubwa, kila mmoja akidai dhamana yake. Gharama ilipokuja kutajwa kuwa kati ya pauni milioni 750 na 800, tatizo halikuwa tena ukubwa wa deni pekee. Madeni yalikuwa yanaiva kabla uwanja haujauza hata tiketi moja.

Linganisha na Manchester United. Mwaka 2005 familia ya Glazer iliinunua kwa takriban pauni milioni 790, sehemu kubwa ikiwa ya kukopa, na zaidi ya milioni 500 zikaangukia mabegani mwa klabu ambayo haikuwa na deni. Hapo hakujengwa jukwaa hata moja. Ukimkuta mtu anayaweka madeni ya United na ya Tottenham kapu moja, muulize pesa zilinunua nini.

"Moshiri aliichangia klabu mamilioni yake."

Sehemu kubwa aliikopesha. Wamiliki wengi wa England huingiza pesa kama mkopo wa mwanahisa, mara nyingi bila riba, lakini kwenye vitabu hilo linabaki kuwa deni. Mnunuzi mpya akija, jambo la kwanza mezani ni hatima yake. Kwa Everton, zaidi ya pauni milioni 400 za Moshiri ziligeuzwa kuwa hisa wakati wa mauzo, naye hakurudishiwa mkopo huo. Kwa hiyo, ndiyo, mwisho wa yote alipoteza pesa nyingi mno. Lakini kwa miaka yote ile klabu ilikuwa inadaiwa na mmiliki wake mwenyewe.

"Walikatwa pointi kwa sababu ya uwanja."

La. Kanuni za Ligi Kuu ya England wakati huo ziliruhusu hasara ya hadi pauni milioni 105 kwa misimu mitatu, na gharama za kujenga uwanja hazikuhesabiwa humo. Katika kesi ya kwanza Everton walikutwa na hasara ya milioni 124.5. Kilichowaponza hasa ni matumizi ya wachezaji na bajeti iliyotegemea timu imalize nafasi ya sita, ikamaliza ya 16. Walichobishania kuhusu uwanja ni riba: je, riba ya mikopo iingizwe kwenye gharama za ujenzi au la? Pointi 10 zilizokatwa Novemba 2023 zikashuka hadi 6 kwa rufaa, kisha zikaongezwa 2 Aprili 2024. Wachezaji wa kocha Sean Dyche walivuna pointi 48 uwanjani, jedwali likaandika 40.

"Ikitangazwa imeuzwa, imeuzwa."

Septemba 2023 ilitangazwa kwamba kampuni ya uwekezaji ya 777 Partners ya Miami inachukua asilimia 94.1 ya hisa. Ligi ikaweka masharti, miezi ikapita, kampuni ikafunguliwa kesi New York, na mwanzoni mwa Juni 2024 makubaliano yakafa. Lakini 777 walikuwa wameshaikopesha klabu kama pauni milioni 200. Mnunuzi aliyeshindwa akageuka mdai! Kampuni ya Friedkin Group ya Texas walipokuja, Julai mwaka huohuo walijitoa, na kikwazo kikubwa kikiwa deni hilohilo. Walirudi Septemba na kukamilisha Desemba 19, 2024.

Jina hilo si geni kwa watu wa Arusha: familia ya Friedkin ina biashara za utalii na mfuko wa uhifadhi Tanzania kwa miaka mingi, na Dan Friedkin anaimiliki pia Roma tangu 2020.

"Tajiri mpya, usajili wa kufuru."

Pesa za kwanza za Friedkin zilikwenda kwa wadai. Mikopo ya gharama ikalipwa, na mwaka 2025 ukapatikana mkopo wa muda mrefu wa pauni milioni 350 juu ya uwanja, yaani walifanya kile ambacho kilipaswa kufanyika kabla ya mchanga kumwagwa. Habari ya namna hii haichangamshi kijiwe kama jina la mshambuliaji, lakini kwangu ndiyo usajili bora waliofanya.

"Mashabiki wangepiga kura kukataa."

Wengi wetu tumezoea Msimbazi na Jangwani, yaani Simba na Yanga, ambako kanuni zinawaachia wanachama asilimia 51 na wawekezaji hawaruhusiwi kupita 49. England hakuna kinga hiyo. Mashabiki wa Everton waliandamana na kubeba mabango, ila mwenye hisa nyingi ndiye aliyeamua. Julai 2025 Uingereza ilipitisha sheria inayounda msimamizi huru wa soka, mwenye mamlaka ya kuwachunguza wamiliki na chanzo cha pesa zao. Lakini sheria hiyo haimpi shabiki kura. Anaweza kumzuia mnunuzi asiyefaa, lakini hawezi kuwapa watu wa jiji la Liverpool umiliki wa klabu yao.