Ukame wa Pembe ya Afrika na ushahidi wa tope la Naivasha

Nikiulizwa kama ukame ulioanza Pembe ya Afrika mwishoni mwa 2020 ndio mbaya kuliko yote, nami huuliza: tangu lini? Misimu mitano ya mvua ilikosa kunyesha ipasavyo mfululizo, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa angalau miaka 40. Lakini vipimo vya mvua vya Kenya vinaanzia mwishoni mwa karne ya 19 tu, na vingi ni vya juzijuzi.

Kabla ya hapo tunasoma tope. Katika kreta (shimo la volkano) ya Crescent Island, Ziwa Naivasha, nchini Kenya, mwanasayansi Dirk Verschuren na wenzake walichimbua tope lililojipanga tabaka kwa tabaka, na mwaka 2000 wakachapisha historia ya mvua na ukame ya takriban miaka 1,100. Ziwa likipungua, chumvi hukolea. Mwani na vibuu vya visubi visivyostahimili chumvi hutoweka, na vinavyoistahimili hushika nafasi. Mabaki yao hubaki humo tumboni mwa tope, nasi tunayahesabu kwa hadubini. Ni kazi ya kuchosha macho, lakini naipenda mno.

Tope hilo linaonyesha kwamba kati ya 1000 na 1270 eneo hilo lilikuwa kavu kuliko leo. Kisha ukaja ukame wa 1380–1420, 1560–1620 na 1760–1840, kila mmoja mkali kuliko wowote wa karne ya 20. Fikiria huo wa mwisho: miaka 80! Masimulizi ya jadi ya njaa na kuhamahama yanaoana na vipindi hivyo.

Basi huu wa juzi ni wa kawaida? Hata kidogo. La Niña, yaani kupoa kwa maji ya Bahari ya Pasifiki kwenye ikweta, ya miaka mitatu ilichangia kuzuia mvua, na hilo ni la asili. Kilichobadilika ni joto. Uchambuzi wa 2023 wa World Weather Attribution, kundi la wanasayansi wanaopima mchango wa mabadiliko ya tabianchi katika majanga ya hali ya hewa, ulionyesha kuwa mabadiliko ya tabianchi yameongeza uwezekano wa ukame wa namna hii angalau mara 100, hasa kwa sababu joto hunyonya maji kutoka kwenye udongo na mimea. Mvua ileile haba, katika dunia isiyopashwa joto na binadamu, isingetufikisha kwenye ukame huo.

Kwa hiyo napinga vikali tahadhari zinazotolewa kwa kuangalia milimita za mvua peke yake. Mfugaji wa Marsabit anahitaji kuambiwa pia ni kiasi gani cha mvua hiyo kitabaki ardhini hadi nyasi zichipue.