Madini ya mfinyanzi: kwa nini udongo mmoja hupasua nyumba na mwingine hubeba bwawa

Ukitoka Kikuyu ukashuka hadi Kitengela, foleni ikikuhurumia, utauacha udongo mwekundu nyuma yako na kuingia kwenye udongo mweusi, ule ambao mafundi huuita "black cotton". Sehemu kubwa ya udongo huo wote ni zao la miamba ya volkano. Lakini kule juu fundi anachimba msingi bila wasiwasi, na huku chini mwenye kiwanja analipia malori ya kuzoa udongo kabla hajanunua hata tofali moja. Rangi haihusiki sana. Kinachotenganisha aina hizi mbili za udongo ni madini ya mfinyanzi yaliyomo.

Neno "mfinyanzi" lina maana mbili kwa wahandisi wa udongo. Ya kwanza ni ukubwa: chembe yoyote isiyofika milimita 0.002. Ya pili ni aina: madini ya familia fulani, yaliyozaliwa mwamba ulipoozeshwa na maji na hewa kwa maelfu ya miaka. Saga kwatzi mpaka iwe laini kuliko unga wa ngano, nayo itaingia katika kundi la kwanza. Ila jaribu kuifinyanga: itakumegukia mkononi. Kinachofinyangika, kinachovimba na kinachonata kwenye gumboot ni yale madini yenyewe.

Madini hayo yamejengwa kwa tabaka nyembamba mno, kama rundo la karatasi. Karatasi ni za aina mbili, za silika na za alumina, na tabia yote ya udongo inategemea zilivyopangwa na zinavyoshikana. Katika kaolinaiti, mojawapo ya madini hayo, karatasi moja ya silika hukaa juu ya moja ya alumina, na jozi hizo hushikana kwa nguvu ya hidrojeni kiasi kwamba maji hayapati upenyo kati yao. Udongo mweupe wa milima ya Pugu, karibu na Dar es Salaam, ni wa jamii hii. Ni mtulivu.

Montmorilonaiti ni habari nyingine. Hapa karatasi ya alumina imebanwa kati ya mbili za silika. Ndani yake, baadhi ya nafasi za alumini zimekaliwa na magnesi. Alumini hubeba chaji tatu, magnesi mbili, kwa hiyo tabaka zima hubaki na upungufu, yaani chaji hasi. Ili kuufidia, kalisiamu au sodiamu huja na kujibanza kati ya tabaka na tabaka. Wageni hawa hawajashikamana na chochote kwa nguvu, na wanapenda maji. Mvua ikinyesha, maji huwafuata hadi ndani, tabaka zinasukumana, udongo unavimba. Kiangazi kikija maji yanatoka, udongo unasinyaa na kuacha nyufa ambazo mguu wa mbuzi unaweza kuzama. Kuna pia ilaiti, yenye mpango uleule, lakini potasiamu imeingia sawasawa kwenye vishimo vya karatasi na kuzifunga. Tabia yake iko katikati.

Tofauti hiyo hupimika kwa eneo la uso. Gramu moja ya kaolinaiti ina uso wa mita za mraba 10 hadi 20. Gramu moja ya montmorilonaiti inaweza kufika 800. Hizo ni karibu ploti mbili za futi 50 kwa 100, kwenye ncha ya kijiko, na kila sehemu ya uso huo inavuta maji.

Sasa kwa nini Kikuyu wapate kaolinaiti na Kitengela montmorilonaiti? Jibu ni njia ya maji. Kwenye miteremko yenye mvua nyingi, maji hupita na kuondoka na kalisiamu, magnesi na sehemu ya silika. Kinachobaki hutengeneza kaolinaiti na jamaa zake. Kwenye tambarare maji hutuama, madini hayo hayaendi popote, na montmorilonaiti hupata kila inachohitaji. Ndiyo maana mbuga za udongo mweusi utazikuta mabondeni.

Kwa hiyo kuuliza "udongo huu una mfinyanzi kiasi gani?" hakutoshi. Mwaka 1953 Skempton, mhandisi Mwingereza, alipendekeza hesabu rahisi: chukua upana wa unyevu ambamo udongo hufinyangika, ugawe kwa asilimia ya chembe zilizo chini ya milimita 0.002. Jibu likiwa chini ya 0.75, mfinyanzi huo ni mpole; likizidi 1.25, ni mkali. Naipenda hesabu hii kwa sababu inanusa aina ya madini bila mashine ya eksirei.

Kwenye jengo, ukali huo huonekana pembeni. Udongo ulio chini ya katikati ya nyumba hubaki na unyevu uleule, ila wa kwenye kingo hulowa na kukauka na misimu. Kona zinapanda na kushuka, ukuta unapasuka kwa mshazari kuanzia pembe za madirisha. Bomba linalovuja au bustani iliyopandwa ukutani huongeza balaa. Dawa ya kawaida ni kuuondoa udongo na kujaza murram. Barabarani huchanganywa chokaa: kalisiamu yake huifukuza sodiamu, kisha ukali wa chokaa huyeyusha silika na alumina za mfinyanzi wenyewe na kuzigeuza kuwa kitu kama saruji.

Lakini vipimo vya kawaida navyo hudanganya. Bwawa la Sasumua, linaloipa Nairobi maji, lilijengwa miaka ya 1950 kwa mfinyanzi mwekundu ambao kwenye karatasi za maabara ulionekana mbaya: ulishika maji mengi na uzito wake ukikauka ulikuwa mdogo. Hata hivyo ulikuwa imara. Karl Terzaghi, anayeitwa baba wa mekanika ya udongo, aliueleza mwaka 1958. Ndani yake mlikuwa na haloisaiti, jamaa ya kaolinaiti, na chembe zake zilikuwa zimeshikana katika mabonge madogo magumu. Maji mengi yalikuwa yamefungiwa humo, hayalainishi chochote.

Na haloisaiti ina hila moja zaidi. Ukiikausha kwenye oveni ya nyuzi 105, maji yaliyo kati ya tabaka zake hutoka na hayarudi tena hata ukiilowesha. Hapo unakuwa unapima udongo mwingine. Sampuli za udongo mwekundu wa nyanda za juu basi hufungwa zisipitishe hewa tangu shimoni, na vipimo vya unyevu wa kufinyangika huanzia kwenye unyevu wake wa asili, kabla oveni haijawashwa.