Ubadilishaji tete wa maandishi katika skripti za vifurushi

Skripti ya kujenga kifurushi cha Linux mara nyingi hulazimika kurekebisha faili za programu kabla ya ujenzi kuanza: njia ya saraka hapa, jina la maktaba pale. Kwa kawaida kazi hiyo hupewa sed, programu ya kutafuta na kubadilisha maandishi. Ubadilishaji huwa tete pale unapotegemea mstari ubaki vilevile, herufi kwa herufi, huku skripti haina njia ya kujua kwamba mstari huo umeshabadilika.

Mfano, kwenye Makefile (faili ya maelekezo ya ujenzi), ambamo PREFIX ni saraka ya kusakinishia:

`sed -i 's|PREFIX = /usr/local|PREFIX = /usr|' Makefile`

Toleo jipya likija na `PREFIX ?= /usr/local`, sed haioni cha kubadilisha, na wala hailalamiki. Inarudisha 0, yaani ishara ya mafanikio, kwa sababu kwake kutopata kitu si kosa. Ndiyo maana `set -e`, inayosimamisha skripti amri ikishindwa, haisaidii, wala `|| die` ya kwenye ebuild (skripti za vifurushi) za Gentoo. Ujenzi unaisha bila neno, na faili zinaangukia /usr/local ndani ya kifurushi.

Kuna pia kubadilisha kupita kiasi. Nukta kwenye ruwaza (maandishi ambayo sed hutafuta) ni herufi yoyote, hivyo `1.2` hunasa hata `132`, andika `1\.2`. Kufuta kwa namba ya mstari, kama `sed -i 42d`, ni kubahatisha tu.

Dawa ni kukagua matokeo papo hapo kwa grep, inayotafuta maandishi kwenye faili:

`grep -q '^PREFIX = /usr$' Makefile || exit 1`

Ukitaka kuhakikisha maandishi ya zamani yametoka, usiandike `! grep -q` ukitegemea `set -e`: amri iliyokanushwa kwa alama hiyo haisimamishi skripti. Tumia `if`. Nixpkgs, mkusanyiko wa vifurushi vya Nix, wana `substituteInPlace` yenye `--replace-fail`, inayokatisha ujenzi isipopata maandishi. Void Linux wana `vsed`, inayolinganisha faili kabla na baada.

Kiraka, yaani faili inayoonyesha mistari ya kubadilisha, ni salama zaidi, maana patch, programu inayokitumia, hugoma mistari inayozunguka badiliko isipolingana. Ila kwa kawaida huvumilia tofauti ya hadi mistari 2. `-F0` huondoa uvumilivu huo.

Na kwa mfano wetu, sed haikuhitajika kabisa. `make PREFIX=/usr` hushinda thamani iliyo kwenye Makefile, iwe imewekwa kwa `=` au `?=`. Irudie kwenye `make install` pia, maana thamani hiyo haibaki kutoka amri moja hadi nyingine.